Binti yangu, stika ya WhatsApp na bando la usiku: nilidhani jeuri, kumbe sonona

#1 mzee_wa_spea

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Nimeomba ruhusa kwa mwenyewe kabla sijaandika, naye kakubali kwa masharti mawili: nisitaje jina wala shule, na nisimwandike kama marehemu, ati "mtoto wetu mpendwa". Basi naandika kawaida.

Mimi nauza spea za magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Binti yangu wa pili wakati huo alikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa. Alipofanya vizuri mtihani wa kidato cha pili nikamtafutia simu janja, mtumba, kioo kina ufa mdogo pembeni lakini chaji inakaa. Mama yake alipinga. Nikamwambia noti za Baiolojia siku hizi zinarushwa kwenye grupu la darasa, asiye na simu anaziomba kwa jirani kama chumvi. Shule yenyewe hairuhusu simu, zinabaki nyumbani, kwa hiyo darasa linaanza upya jioni kila mtu akishafika kwao, na huko hakuna mwalimu wa zamu.

Miezi ya mwanzo hakuna shida. Kuanzia kama mwezi wa tano akaanza kubadilika taratibu, kama betri inayokufa: asubuhi gari linawaka, jioni halishtuki. Netiboli aliyocheza tangu darasa la tano akaiacha, anasingizia goti. Sahani ikiwekwa anasema ameshiba. Ukimwita anaitika "abee" kama mtu uliyemkatiza ugomvi. Mdogo wake wa miaka sita aliyekuwa akilala naye akafukuzwa kitandani. Mama yake akasema ni ukubwa. Mimi nikasema ni jeuri. Bibi yake wa Tanga akasema kwenye simu mtoto kapatwa na kijicho, asomewe. Akasomewa, nami nilikuwepo wala sidharau, lakini hali ikabaki ileile.

Sasa usiku. Kwetu maji hutoka usiku wa manane, usipoamka kufungulia tangi mnanunua ndoo wiki nzima. Saa nane nimeamka, napita koridoni, naona mwanga chini ya mlango wake. Nikafungua. Chandarua chote kinang'aa bluu kama friji ya soda kwenye duka lililofungwa. Nilidhani nitamkuta na tamthilia, au anaongea na mvulana, na maneno nilishayaandaa. Hakuwa anaangalia chochote. Kashika simu kwa mikono miwili, kidole gumba kinafungua grupu la darasa, kinatoka, kinafungua tena, kinatoka. Hakuna ujumbe mpya. Hata hakushtuka kuniona.

Nikamuuliza bando anatoa wapi. Akasema la usiku. Wenye watoto mnalijua: kuanzia saa sita hadi alfajiri unapewa GB nyingi kwa hela ambayo mchana inakupa kipande tu. Mtoto mwenye hela ya daladala na andazi anapiga hesabu, anaacha andazi, anakesha. Na mimi ndiye niliyekuwa namsifia kwa watu kwamba hanisumbui hela ya vocha.

Nikamnyang'anya simu palepale. Nikaenda nayo dukani, nikaifungia kwenye droo ya kaunta pamoja na beringi za Noah. Nikajiona nimetibu. Wiki ya kwanza alilala, nikawatambia majirani. Wiki ya tatu mama yake akamkuta bafuni kaketi na sare ya shule, ndoo imejaa inafurika, yeye anayaangalia maji yanavyomwagika. Saa moja na nusu asubuhi, wenzake wameshaingia darasani.

Siku hiyohiyo mchana nikapigiwa simu na mwalimu wa malezi. Hakuanza na salamu ndefu. "Baba, unajua habari ya stika?"

Nikajua anaulizia stika ya bima ya gari.

Wateja wamejaa, naendelea usiku.

#2 kitochi_milele

Nimeweka kigoda hapa. Mkuu usituache njiani kama wale wenzako wa "itaendelea".

#3 Chumvi_Nyingi

Mnawadekeza. Sisi tumetembea kilomita saba kwenda shule, tumechapwa, tumelala njaa, nani alipata sonona? Zima simu, mpe fagio. Maneno ya Wazungu haya.

#4 NesiWaZamu

Chumvi, ilikuwepo. Ilikuwa na majina mengine tu: "ana mawazo", "kachezewa", "siku hizi kawa mkimya", "kakataa shule". Kila kijiji kilikuwa na mtu wa namna hiyo na hakuna aliyemuuliza ana nini.

Nisaidie kidogo kwenye maneno, maana humu yanachanganywa. Msongo wa mawazo kila mtu anao, kodi ikikaribia unao, ikilipwa unaondoka. Sonona haiondoki sababu ikiondoka. Tunachoangalia ni wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu ana huzuni au hana hamu hata ya vitu alivyovipenda, na juu yake usingizi umeharibika, chakula kimebadilika, mwili mzito, akili haitulii, anajiona hana maana. Kwa watoto wa rika hilo kuna kitu kinawadanganya wazazi kila siku: badala ya huzuni inaweza kutoka hasira. Mzazi anaona jeuri. Mzee wa spea hakuwa mjinga, wengi wanaoleta watoto kwetu wanaanza na neno hilohilo.

Na si wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kijana mmoja kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Darasa la wanafunzi 50, gawanya mwenyewe.

Ile ya kukaa bafuni na ndoo inafurika, sikuipenda. Mkuu, endelea.

#5 mzee_wa_spea

Nimefunga duka. Tuendelee.

Ilikuwa hivi. Siku ya sherehe moja ya shule walipewa pilau. Mwenzao mmoja, aliyekuja na simu kwa siri, akampiga picha binti yangu akiwa katikati ya kutafuna, jicho moja limefumba nusu, shavu limejaa. Kufika nyumbani akaikata uso peke yake, akaifanya stika, akairusha kwenye grupu. Wote wakacheka. Na yeye akacheka, hata akaituma mwenyewe mara mbili tatu. Aliniambia baadaye, "Baba, usipocheka ndiyo umekwisha."

Lakini stika haikuondoka. Akiuliza swali la hesabu, jibu linakuja stika. Mtu akifeli jaribio, stika. Mwalimu akigomba, jioni stika. Mmoja akaiongezea maneno chini, siyaandiki hapa. Ikahamia kidato cha pili, ikaenda shule ya jirani, akakutana na wasichana asiowajua kituoni wakimwangalia wakafumba jicho moja. Picha ya karatasi ungeichana. Stika ikishahifadhiwa kwenye simu sitini, utamwendea nani umwombe?

Kwa hiyo ule usiku niliomkuta alikuwa kwenye zamu, kama mlinzi wa getini. Alikuwa anataka ajue kabla ya asubuhi imetumwa na nani na wangapi wamecheka, ili akiingia darasani ajue aketi wapi. Nilipochukua simu nikamwondolea hata hicho. Akawa anaingia darasani gizani. Na kulikuwa na la pili sikulijua: rafiki yake wa kweli, waliyeketi dawati moja tangu darasa la kwanza, alihamia Mwanza na wazazi wake. Walikuwa wanarekodiana sauti kila siku, dakika kumi, kumi na tano, upuuzi mtupu. Hiyo nayo niliifungia kwenye droo na beringi.

Tukaenda hospitali, kitengo cha afya ya akili. Yule mhudumu akaniambia kwa adabu nitoke nje. Nikaketi kwenye benchi, karibu na mama mmoja aliyemleta mwanawe wa chuo, hatukusemeshana. Nikatoa simu yangu, nikaanza kushusha shusha, video za mpira, mtu anaanguka na pikipiki, mpira tena. Baada ya kama dakika arobaini nikagundua sikumbuki hata moja.

Akatoka mnasihi. Akasema kamuuliza maswali tisa ya wiki mbili zilizopita, na la tisa kalijibu "siku kadhaa". NesiWaZamu ataeleza la tisa ni lipi, mimi hapo miguu iliisha nguvu. Akasema tumrudishe Ijumaa, asilale peke yake kwa sasa, na akatutajia vitu vya kuvifungia mahali asipovifikia. Mdogo mtu akarudishwa kitandani. Hakuambiwa sababu, akajua tu kashinda kesi.

#6 NesiWaZamu

Pole sana kaka. La tisa linauliza kama mtu amewahi kuwaza kwamba bora afe au ajidhuru. Akijibu hata "siku kadhaa" anaonwa siku hiyohiyo, haandikiwi tarehe ya mwezi ujao.

Kwa wazazi wote: kumuuliza mtoto hilo swali waziwazi hakumpandikizii wazo. Hilo limeshachunguzwa vya kutosha. Wengi nimewaona wakishusha pumzi, kama mtu uliyemtua mzigo kichwani. Ukiona dalili na hujui uanzie wapi, kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Na nendeni hospitali. Najua kwa nini familia zinaficha, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinaita kujaribu kujiua kosa na watu wanaogopa polisi. Msisubiri hadi kufika huko. Mawazo si kosa.

#7 takwimu_tupu

Pole mkuu, na hongera kwa kuandika. Ila naona uzi unaelekea "simu zinaua watoto", niweke breki.

2019 watafiti wawili wa Oxford, Amy Orben na Andrew Przybylski, walichukua takwimu za vijana zaidi ya 355,000 wa Uingereza na Marekani. Wakatafuta matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza kiasi gani cha tofauti ya ustawi kati ya kijana na kijana. Jibu: si zaidi ya asilimia 0.4. Kwenye takwimu zilezile, kula viazi kulihusiana na ustawi kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Viazi, wakuu. Na hata hiyo 0.4 haisemi nani kamwanza mwenzake. Mtoto mwenye huzuni naye anakimbilia simu.

#8 kitochi_milele

Kwa hiyo tuwanyang'anye chipsi.

#9 Mwl_Jioni

Mimi mwalimu, miaka kumi na mbili sasa. Takwimu, nakuheshimu, lakini wastani ni mnyama mjanja. Ukiweka mguu mmoja kwenye barafu na mwingine kwenye makaa, kwa wastani uko vizuri.

Uingereza hukohuko kulikuwa na binti wa London, Molly Russell, miaka 14, alifariki Novemba 2017. Familia yake ilipigania miaka mitano kujua simu yake ilikuwa na nini. Uchunguzi wa kifo ulipofanyika Septemba 2022 ikaonekana katika miezi sita ya mwisho alihifadhi, kulaiki au kusambaza machapisho 16,300 ya Instagram, na 2,100 kati yake yalihusu sonona, kujidhuru au kujiua. Mtandao wa picha wa Pinterest ulikuwa unamtumia barua pepe za kumpendekezea picha za sonona, kama duka linavyokukumbusha umesahau sukari. Msimamizi wa uchunguzi, Andrew Walker, alitamka kwamba alikufa kwa kitendo cha kujidhuru akiwa na sonona na athari mbaya za aliyoyaona mtandaoni. Sasa huyo kwenye jedwali la Oxford angekuwa nukta moja tu.

Na kampuni zenyewe zinajua. 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, kampuni yenye Instagram, alitoa nyaraka za ndani. Slaidi moja ilisema Instagram inazidisha tatizo la kuchukia umbo lao kwa binti mmoja kati ya watatu.

#10 takwimu_tupu

Mwl, kwa slaidi hiyo kampuni ilijitetea kwamba waliohesabiwa ni mabinti ambao tayari walikuwa na tatizo hilo. Siwatetei, naweka kumbukumbu sawa.

Lakini la wastani nakubali, na Orben mwenyewe kalirudia. Kazi yake ya 2022 ilionyesha kuna umri ambao mitandao inauma zaidi: wasichana miaka 11 hadi 13, wavulana 14 na 15, halafu wote tena wakifika 19. Pia kuna majaribio, siyo takwimu za kuuliza tu. Chuo Kikuu cha Pennsylvania 2018 waliwagawa wanafunzi 143, kundi moja likabana Facebook, Instagram na Snapchat zisizidi dakika 10 kila moja kwa siku, wiki tatu. Upweke ukapungua, na sonona pia, hasa kwa waliokuja wakiwa nayo. Angalia hapo: hawakunyang'anywa. Walipunguza.

Ninachosema mimi ni kwamba "simu" ni neno pana mno. Sauti za rafiki wa Mwanza ni simu. Stika ni simu. Kukesha ni simu. Ukizipima pamoja zinafutana, unapata viazi.

#11 Chumvi_Nyingi

Hapo kwenye Mwanza umenigusa. Endeleeni.

#12 shombe_la_pwani

Naungana na Takwimu. Nina miaka 19, msichana, niko chuo mwaka wa kwanza. Nilipokuwa kidato cha nne nilikuwa nalia bafuni kila siku na sikujua naumwa nini. Neno "sonona" nililisikia kwanza TikTok, dada mmoja Mkenya anaeleza dalili, nikawa nahesabu kwa vidole, saba kati ya tisa. Nyumbani nilikuwa naambiwa niswali zaidi. Nilikuwa naswali! Bila ile video nisingejua kuna mlango wa kugonga.

Ila pia niseme ubaya wake. Nilipoangalia ile moja, zikaja za aina hiyo tu. Wiki nzima watu wanalia kwenye kamera. Simu inafikiri unapenda kulia. Nilianza kujisikia kama sonona ndiyo kabila langu, nikipata nafuu nitakosa ndugu. Sijui kama mnanielewa.

#13 NesiWaZamu

Nakuelewa, mdogo wangu. Na asante.

#14 mgeni_Melbourne

Nipo Australia, nina wavulana wawili, 13 na 15. Huku sheria ilipitishwa Novemba 2024 na imeanza kufanya kazi tarehe 10 Desemba 2025: chini ya miaka 16 hakuna akaunti TikTok, Instagram, Snapchat, YouTube na nyingine. Mtoto hashtakiwi wala mzazi, inabanwa kampuni, faini inafika dola milioni 49.5 za huku. Mkubwa alinuna siku nne, mdogo akatafuta njia ya kuzunguka kabla hata ya chakula cha jioni.

Lakini nimesoma kisa chako nikajiuliza, ingemsaidia binti yako? WhatsApp haimo kwenye katazo, imehesabiwa ni ya kutumiana ujumbe. Stika ingepita palepale getini ikipunga mkono.

#15 Wanjiku_wa_Thika

Hamjambo majirani. Kwetu Kenya watoto wengi wako shule za bweni, simu marufuku, na bado sonona tunaiona bwenini. Kwa hivyo anayedhani kuondoa simu kunamaliza maneno aje atembee huku wakati wa mtihani wa kitaifa.

Kitu kizuri nimekiona ni mpango wa Shamiri. Wanachukua vijana waliomaliza sekondari juzi tu, wanawafunza, wanawapeleka kukaa na wanafunzi katika vikundi, mara moja kwa wiki, wiki nne. Hawaanzi na "nani ana ugonjwa hapa". Wanazungumza kwamba mtu anaweza kubadilika, wanazungumza shukrani, wanazungumza anachokithamini mtu. Waliupima kwa wanafunzi 413 na matokeo yakachapishwa 2021, dalili za sonona na wasiwasi zilishuka zaidi ya kwa waliofundishwa mbinu za kusoma. Mtoto wa dada yangu alikaa kwenye kikundi kama hicho, alichokisifu ni kwamba aliyewaongoza alikuwa anajua nyimbo zao.

Na kwa ile sheria Nesi ameitaja: kwetu Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu cha kuadhibu waliojaribu kujiua kinakiuka Katiba. Nanyi mtafika.

#16 mzee_wa_spea

Nimesoma yote. Takwimu, kuhusu "simu ni neno pana" umenisemea kitu nilichokuwa nakitafuta tangu mwaka jana. Mimi ningekuwa na gari linalogonga mbele nisingebadilisha gari zima. Ningeuliza ni bushi, ni shokapu au ni boljointi. Kwa mtoto wangu nilibadilisha gari zima.

Niwajibu walioniandikia pembeni.

Shule walifanya nini. Yule mwalimu wa malezi alikataa viboko. Aliwaita wazazi wa watoto wanne, nami nikaitwa, tukakaa kwenye vidawati vidogo magoti kidevuni. Baba mmoja akasema ni utani wa watoto. Mwalimu akamwomba asome kwa sauti yale maneno yaliyoongezwa chini ya stika. Akayasoma hadi neno la pili, akanyamaza. Grupu la zamani likafungwa. La noti likaanzishwa jipya ambalo mwalimu peke yake ndiye anayeandika, wanafunzi wanasoma tu, kumbe mpangilio huo upo kwenye WhatsApp siku zote. Stika haikufutika kwenye simu za watu, hilo hakuna aliyeliweza.

Matibabu. Mazungumzo na mnasihi mara moja kwa wiki, dawa hazikuhitajika kwa hali yake, kwa mwingine huenda zikahitajika, msinichukue mimi kama daktari. Walimpa kazi ndogo ndogo za kila siku, ndogo hadi nikaona aibu kwa hela ya nauli: leo oga kabla ya saa moja, kesho tembea hadi kwa mangi urudi, keshokutwa kula mezani na wengine hata kama ni vijiko vitatu. Anatia alama kwenye daftari alivyojisikia kabla na baada. Jumamosi akaanza kuja dukani. Nilimpa kupanga filta kwa namba. Kufika mwezi wa pili wa matibabu alikuwa anawajibu mafundi kabla sijanyanyua kichwa, fundi anataja gari, yeye anataja namba ya filta.

Nafuu haikuja kama umeme unavyorudi. Kuna wiki mbili nzuri halafu Jumatatu moja haamki. Mnasihi alishatuambia itakuwa hivyo, la sivyo ningemnyang'anya kitu kingine.

#17 Chumvi_Nyingi

Sasa simu umemrudishia au bado iko kwenye droo? Nauliza kwa sababu na mimi ninayo moja kabatini. Ya mvulana, kidato cha pili. Simu iko kabatini na kijana yuko chumbani, hatoki.

#18 NesiWaZamu

Chumvi, chumbani hatoki tangu lini?

#19 Chumvi_Nyingi

Kama wiki tatu.

#20 NesiWaZamu

Nimekuandikia pembeni. Soma sasa hivi tafadhali.

#21 mzee_wa_spea

Chumvi, nenda kagonge mlango wake kwanza, haya ya kwangu utayakuta hapahapa.

Nilimrudishia mwezi wa pili wa matibabu. Tulikaa mezani tukapanga, na sheria alizitoa yeye zaidi yangu. Simu zote za nyumba zinachajiwa sebuleni juu ya friji kuanzia saa tatu na nusu usiku. Zote, na yangu ikiwemo, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Wiki ya kwanza nilijikuta mara mbili usiku nimesimama mbele ya friji, mama yake akaniuliza natafuta maji au natafuta nini. Bando nanunua mimi, la wiki, la usiku tumeachana nalo. Si kwamba nimeliweza, mitandao inaliuza kila siku na ujumbe unaingia saa tano na dakika hamsini, "usiku wako umeshushwa bei". Rafiki wa Mwanza anarekodiwa sauti saa kumi na mbili jioni, na ninaambiwa niondoke sebuleni.

Netiboli hakurudi. Anasema hataki, na goti kweli lilikuwa linauma.

#22 kitochi_milele

Mkuu mimi swali langu moja. Ile stika iko wapi siku hizi?

#23 Chumvi_Nyingi

Tumeongea kidogo. Kafungua. Kesho tunaenda.

#24 mzee_wa_spea

Chumvi, chukua na kitu cha kula njiani, foleni ni ndefu.

Kitochi, bado ipo. Juzi nilichelewa kurudi, nilikuwa nimeahidi mkate wa kumimina. Saa moja jioni nikiwa kwenye mwendokasi simu ikalia. Ni yeye. Hakuandika neno, kanitumia ile stika, jicho moja nusu, shavu limejaa. Niliiangalia hadi nikapitiliza kituo. Sikujua nicheke au nifanyeje, nikaandika "nakuja na miwili".

Akajibu, "mitatu, na mdogo yupo."